Krismasi Ughaibuni: Jinsi ya Kusherehekea na Marafiki Bila Kugusa Pesa ya Nyumbani

Desemba ikikaribia, Mkenya anayefanya kazi Doha, Dubai au Riyadh huwa na mambo mawili kichwani. La kwanza ni nyumbani. Mama anangoja pesa ya shughuli, watoto wanangoja nguo, na shule inangoja karo ya Januari. La pili ni marafiki wa huko huko, wale mnaolala chumba kimoja na kupanda basi moja la kazini. Nao wanauliza: mwaka huu tunafanya nini?

Wengi hujibu swali moja na kusahau la pili. Kuna anayetuma kila kitu nyumbani, halafu tarehe 25 anakunywa chai na mkate peke yake kitandani huku akitazama picha za wenzake. Kuna mwingine anayechangia kila sherehe anayoalikwa, na Januari ikifika anakopa karo kwa riba. Wote wawili wana nia njema. Wamekosa mpango tu.

Somo la leo ni kuhusu mpango huo. Tutatumia mfano wa Doha, Qatar, kwa sababu kuna Wakenya wengi huko na hesabu yake ni rahisi kufuata. Kama uko Saudia, Falme za Kiarabu, Uingereza au Marekani, badilisha sarafu na tarehe tu. Hatua ni zile zile. Chukua kalamu, tuanze.

1. Chagueni siku kabla ya kuchagua menyu

Nchini Kenya, 25 na 26 Desemba ni sikukuu za umma, kwa hivyo hakuna anayeuliza tutakutana lini. Qatar ni tofauti. Krismasi si sikukuu ya umma huko, na kama zamu yako iko tarehe 25, utaenda kazini kama siku nyingine yoyote. Kikundi kinachong'ang'ania tarehe 25 huishia na watu watatu mezani na chakula cha watu kumi.

Hizi hapa siku ambazo zinaweza kuwafaa:

- Ijumaa. Wikendi ya Qatar ni Ijumaa na Jumamosi, na wafanyakazi wengi hupumzika Ijumaa. Hata makanisa yaliyo katika eneo la Mesaimeer, Doha, huwa na ibada kubwa siku ya Ijumaa kwa sababu hiyo hiyo.
- Tarehe 18 Desemba. Hii ni Siku ya Kitaifa ya Qatar na ni sikukuu ya umma.
- Tarehe 12 Desemba. Hii ni Jamhuri yetu. Kwa kikundi chenye Wakristo na Waislamu, siku hii ni ya kila mtu bila maswali.

Kumbukeni pia dada zetu wanaofanya kazi za nyumbani. Sheria ya Qatar ya mwaka 2017 kuhusu wafanyakazi wa nyumbani inawapa siku moja ya mapumziko kila wiki yenye malipo. Muulizeni kila mmoja siku yake mapema, naye azungumze na mwajiri wake mapema. Mtu asiyepewa nafasi ya kupanga ndiye huwa wa kwanza kukosa.

Siku ikishajulikana, kila kitu kingine kinapata tarehe ya mwisho: mchango, ununuzi, na hata pesa ya kutuma nyumbani.

2. Gawanya mshahara kwa mifuko minne

Sasa tuje kwa hesabu. Tuseme unapata riyali 1,800 kwa mwezi na mwajiri anakupa malazi. Wacha tugawe hivi:

- Mfuko wa nyumbani: riyali 1,000
- Mfuko wako wa chakula, simu na usafiri: riyali 460
- Mfuko wa akiba: riyali 300
- Mfuko wa sherehe: riyali 40

Jumla ni 1,800. Riyali 40 zinaonekana kidogo, lakini ukianza mwisho wa Septemba, ukaendelea Oktoba na Novemba, utakuwa na riyali 120. Mkiwa marafiki wanane, hizo ni riyali 960 kabla Desemba haijaanza. Haba na haba hujaza kibaba.

Kwa nini sherehe ipate mfuko wake? Kwa sababu isipopata, itachukua wa mwenzake. Mtu asiyetenga pesa ya kula na marafiki bado atakula na marafiki. Tofauti ni kwamba atalipa kwa pesa iliyokuwa iende ushago, na atakuwa anakula huku roho inamsuta. Ukiwa na mfuko wako, unakula kwa amani. Na mfuko ukiisha, unaweza kusema "yangu imeisha" bila aibu.

Kuna jambo moja tunataka ulikubali bila kuona haya. Kukaa na wenzako siku moja kwa mwaka si anasa. Hao ndio watakupeleka hospitali ukiugua usiku, na ndio watapigia nyumbani simu kama wewe huwezi. Riyali 40 kwa mwezi kwa ajili ya undugu huo ni matumizi halali. Iandike kwenye bajeti kama unavyoandika ya simu.

Kama mmechelewa na ni Novemba tayari, msijaribu kukusanya ya miezi mitatu kwa mwezi mmoja. Punguzeni sherehe ilingane na mchango. Pilau na kachumbari za riyali 320 kutoka kwa watu wanane waliotoa 40 kila mmoja zinatosha kabisa.

3. Mweka hazina, daftari na tarehe ya mwisho

Waliotutangulia walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Urafiki mwingi ughaibuni umevunjika kwa sababu ya mchango ambao hakuna aliyejua umeishia wapi. Mara nyingi hakuna hata aliyeiba. Mtu alinunua vitu, akapoteza risiti, na wenzake wakaanza kunong'ona.

Fanyeni hivi:

Kwanza, chagueni mweka hazina mmoja na shahidi mmoja. Mweka hazina anapokea pesa. Shahidi anaona kila kinachoingia na kinachotoka. Wasiwe mtu na mpenzi wake, au ndugu wawili wa boma moja. Si kwamba tunawashuku. Ni kwamba maneno yakianza, kila mmoja awe na wa kumtetea.

Pili, wekeni orodha mahali ambapo wote wanaiona. Kikundi cha WhatsApp kinatosha. Kila malipo yakiingia, mweka hazina anaandika jina, kiasi na tarehe, kisha anaweka jumla mpya. Asingoje aulizwe.

Tatu, lipeni kwa njia inayoacha alama. Kama wote mna akaunti za benki Qatar, kuna huduma ya malipo ya papo hapo iitwayo Fawran, inayosimamiwa na Benki Kuu ya Qatar. Kama baadhi yenu mna kadi ya mshahara tu, mchango wa pesa taslimu ni sawa, bora shahidi awepo na orodha ijazwe wakati huo huo.

Nne, msiweke mchango wa sherehe ya Doha kwenye laini ya Kenya. Tumeona watu wakifanya hivyo kwa kudhani ni salama zaidi. Riyali itageuka shilingi, na wakati wa kununua nyama itabidi shilingi igeuke riyali tena. Mtakatwa mara mbili kwa pesa ambayo haikuwa na haja ya kusafiri.

Tano, gawanyeni bajeti kabla ya kwenda sokoni. Kwa mfano wetu wa riyali 960:

- Chakula na vinywaji: 550
- Usafiri: 150
- Makaa, sahani na maji: 100
- Zawadi ndogo za watoto watakaokuja: 60
- Dharura: 100

Ya dharura isiguswe hadi sherehe iishe. Ikibaki, amueni pamoja: mrudishiwe, au iwe mbegu ya chama chenu cha mwaka ujao. Baadaye siku hiyo hiyo, mweka hazina apige picha risiti zote na kuziweka kwenye kikundi. Hapo mtalala vizuri nyote.

Ushauri mdogo wa mahali: Desemba Doha kuna hali nzuri ya hewa, si joto kali kama la Julai, na watu wengi hupenda kukutana nje. Lakini kabla hamjawasha makaa ya nyama choma kwenye bustani au ufukweni, ulizeni kama panaruhusiwa. Faini moja inaweza kumaliza mchango wote.

4. Pesa ya nyumbani: tazama kitakachofika

Sasa tuje kwa mfuko mkubwa. Benki Kuu ya Kenya iliripoti kwamba mwaka 2024 Wakenya walio nje walituma nyumbani takriban dola bilioni 4.9 za Marekani. Hizo ni pesa za watu kama wewe, riyali kwa riyali. Na kila safari ya pesa ina gharama mbili. Ya kwanza ni ada, ambayo unaiona. Ya pili ni kiwango cha kubadilisha, ambacho wengi hawakiangalii.

Hebu tufanye mfano. Una riyali 1,000 na kiwango cha soko siku hiyo ni shilingi 35.40 kwa riyali moja. Kama kusingekuwa na gharama yoyote, nyumbani zingefika shilingi 35,400.

Duka la kwanza lina bango kubwa: "Tuma bila ada!" Kiwango chake ni 34.50. Nyumbani zinafika shilingi 34,500.

Duka la pili linakata ada ya riyali 15, lakini kiwango chake ni 35.30. Unabaki na riyali 985 za kubadilisha. Nyumbani zinafika shilingi 34,770.

Umeona? Duka la "bure" limekukata shilingi 900, na lenye ada limekukata kama 630. Kwa hivyo swali la kuuliza kwenye dirisha, au kwenye programu ya simu, ni moja tu: "Nikikupa riyali 1,000 zote, mama atapokea shilingi ngapi?" Uliza sehemu mbili au tatu siku hiyo hiyo, kisha linganisha majibu.

Mataifa ya dunia, kupitia Malengo ya Maendeleo Endelevu, yamekubaliana kwamba kufikia 2030 gharama ya kutuma pesa nje ya nchi iwe chini ya asilimia 3. Tumia kipimo hicho. Katika mfano wetu, duka la kwanza limekata asilimia 2.5 hivi na la pili asilimia 1.8. Ukikuta mahali panakata asilimia 6, wewe toka tu.

Kuna jambo la pili la kuangalia hapa, nalo linahusu sherehe yenu moja kwa moja. Ada nyingi hazibadiliki sana hata ukituma kidogo. Ukituma riyali 250 mara nne kwa mwezi, na kila mara ukakatwa 15, umelipa ada ya riyali 60. Ukituma 1,000 mara moja, umelipa 15. Tofauti ni riyali 45. Hiyo ni mchango wako wa sherehe wa mwezi mzima, na chenji ya riyali 5 juu yake. Kwa kupanga tu na nyumbani, umesherehekea bila kuongeza hata senti.

5. Shilingi husonga, karo haisongi

Wateja wa Ghuba hutuuliza: mbona mwaka jana elfu moja yangu ilifanya mengi kuliko sasa?

Jibu liko hapa. Riyali ya Qatar imefungwa kwa dola ya Marekani: riyali 3.64 ni dola 1. Dirhamu ya Falme za Kiarabu nayo ni 3.6725, na riyali ya Saudia ni 3.75. Kwa hivyo pesa yako ya Ghuba haichezi mbele ya dola. Kinachocheza ni shilingi yetu.

Mwanzoni mwa 2024, dola moja ilifika karibu shilingi 160. Wakati huo riyali 1,000 zilikuwa karibu shilingi 43,900. Kufikia katikati ya mwaka huo huo, dola ilikuwa imeshuka hadi karibu 129, na riyali 1,000 zile zile zikawa karibu shilingi 35,400. Pengo la shilingi 8,500! Mtu hajapunguza chochote, lakini nyumbani wanauliza mbona umepunguza.

Tunajifunza nini hapo? Karo haipungui kwa sababu shilingi imepata nguvu. Kama shule inataka shilingi 30,000 Januari, itataka 30,000. Kwa hivyo usikae hadi Januari ukiomba kiwango kipande. Gawanya karo mara mbili au tatu, utume sehemu Oktoba, sehemu Novemba na iliyobaki Desemba. Kiwango kikipanda au kikishuka, hutapata chote wala hutapoteza chote. Na pesa hiyo ikifika, mwambie unayemtumia ailipe moja kwa moja kwa nambari ya Paybill ya shule kama ipo, kisha akutumie ujumbe wa kuthibitisha. Pesa ya karo ikikaa kwenye simu Desemba nzima, itaalikwa kwenye kila sherehe.

6. Tuma kabla ya foleni

Tarehe 23 na 24 Desemba kila mtu anatuma. Huko Ghuba, maduka ya kubadilisha fedha yana foleni hadi barabarani. Huku nyumbani, wakala wa kijijini anaishiwa na floti kabla ya saa sita mchana, na mama aliyepanda bodaboda kwenda sokoni anarudi mikono mitupu. Nauli za matatu nazo huwa zimeshapanda.

Tunakushauri hivi:

- Pesa ya chakula na nguo ifike kati ya tarehe 10 na 15 Desemba. Nyumbani watanunua kabla bei hazijapanda.
- Unapotuma kwa mtu atakayetoa taslimu, weka na ya kutolea. Ukitaka apate 10,000 kamili mkononi, muulize ada ya kutoa ni ngapi uiongeze.
- Mhimize alipe kwa simu dukani pale inapowezekana, badala ya kutoa pesa yote. Anaokoa ada, na hatembei na noti nyingi msimu ambao wezi nao wanatafuta Krismasi.
- Kama ndugu kadhaa mnamtumia mtu mmoja pesa ya mradi au ya shamba, kumbukeni kuna viwango vya juu. Kwenye huduma kubwa za pesa za simu Kenya, muamala mmoja hauzidi shilingi 250,000 na akaunti haibebi zaidi ya 500,000.
- Hakikisha laini yako ya Kenya bado iko hai. Laini isiyotumika kwa muda mrefu inaweza kufungwa. Itumie mara kwa mara hata kama uko mbali.

Habari njema ni kwamba saa ya Doha na Riyadh ni sawa na ya Nairobi. Mkiwa mnapakua pilau huko, nao wanapakua huku. Pigeni simu ya video wakati huo, simu izunguke meza zote mbili. Hiyo haina ada ya kutolea.

7. Mchango wa marafiki si harambee ya umma

Hapa tafadhali soma polepole, kwa sababu inaweza kukuingiza taabani.

Sisi Wakenya tumezoea harambee. Mtu akifiwa au akiugua, tunaweka ujumbe kila mahali, na nambari ya kutuma mchango chini yake. Katika nchi za Ghuba mambo si hivyo. Falme za Kiarabu zina sheria ya mwaka 2021 inayokataza watu binafsi kukusanya michango kwa umma bila kibali, na adhabu yake ni faini kubwa na hata kifungo. Qatar nayo ina mamlaka maalumu inayosimamia shughuli za hisani.

Marafiki wanane wanaochangia chakula chao wenyewe ni jambo la kawaida. Lakini kuweka tangazo la wazi kwenye mitandao, "Tusaidie kufanyia Wakenya Krismasi, tuma kwa nambari hii," ni jambo lingine kabisa. Mchango wenu ubaki ndani ya kikundi cha watu mnaojuana. Ikitokea msiba au ugonjwa msimu huu, wasilianeni na ubalozi wa Kenya mlipo kwanza, na familia nyumbani ndiyo iongoze mchango wa Kenya.

8. Matapeli nao wana Desemba

Msimu huu watu wana pesa, wana haraka na wana mapenzi. Matapeli wanajua hayo yote matatu. Angalia hizi mbinu:

"Mama, ni mimi, nimebadilisha laini. Nimekwama uwanja wa ndege, nitumie 5,000 haraka." Ujumbe huu hutumwa kwa wazazi wenye watoto nje. Kubalianeni na nyumbani neno moja la siri, kama jina la mbuzi wa zamani au mti wa nje ya boma. Asiyelijua hatumiwi kitu.

"Zawadi yako ya Krismasi kutoka ng'ambo imefika, lipa ushuru ndiyo itolewe." Mwambie kila mtu nyumbani: "Nikituma mzigo, mimi mwenyewe ndiye nitakayekupigia. Mtu mwingine akikuomba pesa, ni mwongo."

"Nimetuma pesa kwako kimakosa, tafadhali rudisha." Angalia salio lako kwanza, wala usiamini ujumbe peke yake. Kama kweli pesa imeingia, mwambie apitie huduma kwa wateja ili irudishwe rasmi.

Na sisi? Hatutakuuliza nambari yako ya siri. Si kwa simu, si kwa ujumbe, si kwa ofa ya Krismasi. Anayeiuliza si sisi.

9. Ongea na nyumbani kabla ya ahadi

Mipango yote hii inaweza kuvunjwa na simu moja ya tarehe 20: "Tuongezee kidogo." Njia ya kuzuia hilo ni kuongea mapema, kwa heshima na kwa takwimu. Jaribu maneno kama haya:

"Mamangu, habari ya huko? Nimepanga mambo ya Desemba. Ya chakula nitatuma tarehe 12. Karo ya mtoto nimeshaanza kulipa, imebaki ya mwisho. Mwaka huu sitakuwa na nyingine ya kuongeza, ndiyo nikaona nikuambie sasa. Nasi huku tutapika pamoja na wenzangu, tutakupigia."

Angalia ujumbe huo umefanya nini. Umetaja tarehe na kazi ya kila pesa. Tena haujaficha kwamba wewe pia utasherehekea. Wengi huogopa kusema hilo, eti nyumbani watadhani doo zimejaa. Lakini picha zitaonekana tu. Ni afadhali mama asikie kwako kwamba ni mchango wa riyali 40 kwa mwezi kuliko aone sahani ya nyama mtandaoni akajaza mwenyewe.

Na ujumbe huo umelinda Januari. Kila Mkenya anaijua Njaanuari na makali yake. Mfuko wa akiba wa riyali 300 kwa mwezi, ukiuacha utulie kuanzia Septemba hadi Desemba, utakuwa na riyali 1,200. Hapo hata mshahara ukichelewa, hutamkopa mtu.

Zoezi la wiki hii

Usiishie kusoma. Kabla ya Jumapili, fanya mambo haya manne:

1. Andika mifuko yako minne na kiasi cha kila mmoja. Jumla ilingane na mshahara.
2. Tuma ujumbe kwa marafiki zako: "Tuchague siku. Nani yuko na off lini?" Siku ikipatikana, chagueni mweka hazina na shahidi.
3. Uliza sehemu mbili: "Nikitoa riyali 1,000 zote, zinafika shilingi ngapi?" Andika majibu.
4. Piga simu nyumbani. Uliza karo ya Januari ni ngapi kamili, kisha kubalianeni neno la siri.

Ukimaliza hayo, mtumie somo hili rafiki mmoja mlioko naye huko. Mpango huu hufanya kazi vizuri zaidi wakati mezani kuna watu wanaoujua.

Tunakutakia sikukuu njema, wewe na wote mtakaokula sahani moja. Nyumbani watakula, nanyi mtakula, na Januari itawakuta mmesimama.